Kundi la Skauti la Mtaa: Namna ya Kulianzisha Lamu na Kulifanya Lidumu

Nchini Kenya makundi mengi ya skauti hukaa shuleni. Mtoto akihama shule au akimaliza masomo, skafu hukunjwa ikatiwa sandukuni na mambo yakaishia hapo. Kundi la mtaa hujengwa kwa namna nyingine. Hukusanya watoto wa Mkomani na Langoni, wa Shela, Matondoni au Kipungani, wanaosoma shule mbalimbali na vyuo mbalimbali vya Qurani, pamoja na wale walioacha masomo mapema wakaingia kwenye uvuvi au wakabaki barazani. Hao wa mwisho ndio wanaonitia simanzi zaidi, maana wauza unga, yaani dawa za kulevya, huwawahi kabla sisi hatujawafikia.

Nimemwandikia mtu mwenye nia, aliye na wenzake wawili watatu, asiye na fedha wala ofisi. Fuata mpangilio kama ulivyo hapa. Makundi mengi hufa kwa kuwa yalianza na sare, ngoma na gwaride, yakaacha nyuma yale yaliyopaswa kutangulia: watu wazima wa kuaminika, ridhaa ya wazazi, na shughuli ambazo mtoto wa kisiwani ataona zinamhusu.

Hatua ya 1: Pata walezi kabla ya kumwita mtoto hata mmoja

Tafuta watu wazima wanne kwa uchache, wawili wao wanawake. Kila mkutano sharti uwe na walezi wawili, na katika wanne daima mmoja atakuwa safarini na mwingine ana shughuli ya harusi. Bila mlezi wa kike, wazazi hawatawatoa mabinti, na wana haki. Usiishie kwa walimu wa shule. Mwendee nahodha aliyestaafu, fundi wa majahazi wa Matondoni, muuguzi, kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu, na yule mama wa mtaani ambaye watoto wakimwona hunyooka bila kuambiwa.

Kila mlezi awe na cheti cha tabia njema. Maombi hufanywa kupitia eCitizen na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Asisamehewe mtu, awe shemeji yako au awe anasalisha msikitini. Ukimsamehe mmoja kwa heshima yake, huna tena uso wa kumdai mwingine.

Kisha andikeni kanuni za ulinzi wa watoto, kila mlezi aweke sahihi. Ziwe chache na wazi. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Ujumbe wa simu hupitia kwa mzazi, si kwa mtoto kando. Mtoto hapigwi, hatukanwi, wala hanyimwi chakula au maji kama adhabu. Kambini watu wazima hawalali hema moja na watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto mahali popote, pamoja na kwenye kundi lako, na skauti duniani kote wana sera yao ya ulinzi ambayo kamishna wa kaunti anaweza kukupatia mafunzo yake. Watoto nao wafundishwe namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Waikariri mapema kuliko wimbo wowote wa kambi, na waambiwe waziwazi kwamba wanaweza kuipiga hata kama anayewaudhi ni mlezi wao wa skauti.

Hatua ya 2: Piga hodi panapostahili

Nenda kwa chifu na naibu wake, ukawaeleze ninyi ni nani, mtakutana wapi na siku gani. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ukaulize usajili wa kikundi cha kijamii. Watataka katiba fupi, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao mlichochagua viongozi. Nenda kwa kamishna wa skauti wa kaunti, kwa sababu kundi lisilotambuliwa na Chama cha Skauti cha Kenya haliwezi kuvaa nembo wala kwenda makambi ya kitaifa, na walezi wake hawatapata mafunzo. Muulize ada ya mwaka na utaratibu wa kuwathibitisha walezi.

Kisha nenda kwa maustadhi na maimamu. Hapa usiende na barua. Nenda mwenyewe, kwa miguu, baada ya sala, na ukae. Baadhi ya wazee wetu huuona uskauti kama jambo la kanisa au la mkoloni, na wasiwasi wao unastahili jibu la heshima. Waeleze kwamba ahadi ya skauti ina nguzo tatu, wajibu kwa Mungu, kwa watu wengine na kwa nafsi yako, na kwamba kila mtoto huitimiza ile ya kwanza kwa dini yake. Mtoto wa Hindi au Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti yetu, aendaye kanisani atasema ahadi hiyohiyo kwa imani yake, nayo haimpunguzii kitu mtoto wa Langoni.

Jambo moja litaulizwa kila mahali: kwa nini skauti hupeana mkono wa kushoto? Husimuliwa kwamba ni desturi iliyotoka kwa mashujaa wa Kiashanti wa Afrika Magharibi. Mkono wa kushoto hushika ngao, na anayeiweka ngao chini ili akupe mkono huo amekuamini. Kwetu mkono wa kushoto una hukumu yake, kwa hiyo wekeni mpaka tangu mwanzo. Mkono wa kushoto ni salamu ya skauti kwa skauti tu. Mzee huamkiwa kwa mkono wa kulia na hubusiwa mkono kama kawaida, hata kama mtoto amevaa sare kamili. Ukilisema hili kabla hujaulizwa, nusu ya mashaka huisha palepale.

Wazazi waite mwisho, wakati tayari una majibu. Mpe kila mmoja fomu ya ridhaa yenye jina na umri wa mtoto, namba mbili za simu, nani anaruhusiwa kumchukua, kama anajua kuogelea, na maradhi yake. Taja maradhi kwa majina, pumu, kifafa, selimundu, mzio wa chakula au dawa, kwa sababu ukiuliza tu "ana ugonjwa wowote?" utajibiwa "hana" na kila mtu.

Hatua ya 3: Panga saa inayokubaliana na chuo na sala

Asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wengi wako chuoni au kanisani. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri ndiyo saa inayodumu: anza saa kumi na robo, maliza saa kumi na mbili kasorobo, watoto wafike nyumbani kabla ya Magharibi. Mwezi wa Ramadhani simamisha mikutano ya kawaida, ubakize kazi moja ndogo ya huduma kila wiki. Mahali pawe wazi, panapoonekana na wapita njia, kama uwanja wa shule au kipande cha ufuo maji yakiwa yametoka.

Hatua ya 4: Anza na wanane

Kambi ya kwanza ya skauti duniani, aliyoifanya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, ilikuwa na wavulana 20 hivi, wa matajiri na wa maskini, wamegawanywa vikosi vinne. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko huko. Ninayataja haya kwa ajili ya ule mgawanyo wa vikosi: kazi ya skauti huendeshwa na vikosi vidogo vya watoto wenyewe, na mtu mzima hukaa pembeni.

Kwa hiyo usitangaze msikitini kwamba skauti wameanza. Watakuja mia moja na wiki ya tatu watabaki kumi waliochoka. Chagua watoto wanane wa umri wa miaka 12 hadi 14, wavulana kwa wasichana, kutoka mitaa tofauti. Wafundishe peke yao kwa miezi miwili. Wawili wawili ndio watakaoongoza vikosi vinne, mmoja kiongozi na mmoja naibu, na baada ya hapo kila kikosi kijazwe mpaka sita au wanane, si zaidi. Waache wachague majina ya viumbe wanaowajua: Kasa, Pomboo, Korongo, Nguva.

Katika utaratibu wa Kenya, Sungura ni wadogo wa kuanzia miaka 6 hivi, Chipukizi ni wa kuanzia 11 hivi, Mwamba ni vijana wa 15 hadi 17, na Jasiri ni wa 18 na kuendelea. Anza na Chipukizi. Sungura wanahitaji walezi wengi na subira nyingi, nao waingie mwaka wa pili.

Hatua ya 5: Fundisha kutokana na kisiwa

Hapa ndipo kundi la Lamu linapoweza kuwa bora kuliko kundi lolote la bara. Mambo mengi ambayo vitabu vya skauti huyafundisha kwa michoro, babu wa mtoto huyafanya kila siku. Kazi yako ni kumkutanisha mtoto na babu yake, na kuyapa maarifa hayo mpangilio.

Anza na kamba. Alika baharia aje na kamba yake. Aonyeshe kitanzi kisichokaza, kile kinachotumika kumvuta mtu kutoka majini bila kumbana, kisha fundo la kuunganisha kamba mbili zisizolingana unene, kisha namna ya kufunga kamba kwenye nguzo ya gati ili iachie kwa mvuto mmoja. Mafundo matatu kwa mwezi yanatosha. Mtoto ayafunge macho yake yakiwa yamefunikwa, kisha mikono ikiwa imelowa, kisha kamba ikiwa nyuma ya mgongo. Baada ya hapo wafunge fito na boriti wajenge mnara mdogo au machela ya kubebea mgonjwa. Boriti ziazimwe kwa mjenzi. Msikate hata moja.

Dira ifundishwe kwa kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Lamu, kasoro nyuzi mbili tatu tu kuelekea magharibi. Kwa hiyo kila mtoto aliyewahi kuingia msikitini hapa anajua kaskazini bila kujua kwamba anajua. Msimamishe aelekee mihrabu: mkono wa kulia ni mashariki, ng'ambo, kilipo kisiwa cha Manda, na mgongo ni kusini, upande wa Shela. Mpe dira alinganishe. Kwa somo la usiku, tahadhari na vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Vinafundisha kutafuta nyota ya kaskazini, na sisi tuko kusini mwa ikweta kidogo, nyota hiyo haichomozi kwetu kabisa. Mwombe nahodha afundishe nyota anazozitumia yeye. Utashangaa ni kiasi gani atafurahi kuulizwa.

Ramani iwe ya vichochoro. Kila kikosi kichore mtaa wake: visima, mabomba, nyumba za makuti, zahanati, nyumba za wazee wanaoishi peke yao, na vichochoro ambamo mikokoteni haipiti. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hauna njia ya gari la zimamoto kupita ndani yake. Moto ukishika makuti, wa kwanza kusaidia ni majirani wenye ndoo, na watoto wanaojua kisima cha karibu na namna ya kupanga mstari wa kupitisha ndoo ni msaada wa kweli. Kazi ya watoto iwe kupiga mbiu, kuwatoa wadogo na wazee mapema na kupitisha maji kwa mbali. Kuingia nyumba inayoungua hakuruhusiwi kamwe, na hili lirudiwe kila mara.

Maji ya bahari nayo yana somo, na kalenda ya Kiislamu ndiyo kitabu chake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana mida ya saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hutoka mbali mida ya saa nne au tano asubuhi. Kila siku ipitayo, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mnamo tarehe nane na ishirini na mbili za mwezi huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka mbali. Mpe kila kikosi kijiti chenye alama, wakisimamishe penye maji tulivu, wapime na kuandika kwa mwezi mzima. Skauti aliyeyaandika maji kwa mkono wake hapotezi tena safari.

Mkutano mmoja wa dakika 90 wangu mimi huenda hivi: bendera na dua, ukaguzi wa haraka wa kucha na mahudhurio kwa vikosi, mchezo wa kukimbia, somo moja tu, vikosi vijifanyie zoezi vyenyewe, kisha mchezo wa pili, matangazo, na kufunga. Somo lisizidi dakika 20. Wametoka shuleni wiki nzima, hawahitaji darasa jingine. Mchezo ninaoupenda ni wa kufuata alama: kikosi kimoja hutangulia kikiacha mishale ya mawe na makombe mchangani, kingine hufuata. Alama ya mwisho ni duara lenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Alama hiyo hiyo imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri.

Hatua ya 6: Ahadi na skafu

Baada ya miezi miwili au mitatu ya mahudhurio, mtoto anayejua kanuni za skauti na kuzieleza kwa maneno yake aitwe kuweka ahadi mbele ya wazazi. Asiyekuwa tayari asubiri. Skafu isitolewe kabla ya siku hiyo hata kwa mtoto wa mfadhili.

Sare kamili ni ghali, isiwe kizuizi. Mpelekee fundi cherehani kitambaa cha mraba cha mita moja, akikate kona kwa kona: skafu mbili hizo, zabaki kupindwa tu. Skafu, shati safi na viatu vyovyote vinatosha mwaka wa kwanza. Mabinti huvaa skafu juu ya hijabu na sketi ndefu au suruali pana, na hilo lisijadiliwe kila wiki kana kwamba ni tatizo.

Hatua ya 7: Bahari, kabla ya mengine yote ya nje

Watu watakuambia mtoto wa kisiwa huzaliwa anajua kuogelea. Si kweli, hasa kwa wasichana, ambao wengi hawajawahi kupewa nafasi. Wapangie siku yao, na mlezi wa kike anayejua maji, mahali pa faragha na mavazi ya stara. Hii ni huduma kubwa kuliko beji yoyote utakayowapa.

Kipimo changu kabla mtoto hajapanda mashua ya kundi: aogelee mita 25 bila kugusa chini, kisha aelee dakika tano. Asiyeweza atapanda pia, ila atakuwa wa kwanza kwenye mafunzo. Na kila mmoja, anayejua na asiyejua, nahodha na mlezi, huvaa jaketi okozi tangu gatini mpaka gatini. Zisipotosha, safari haipo.

Fundisheni kuogelea penye maji tulivu ya kina kifupi wakati maji yakijaa, si yakitoka. Mkondo kati ya Lamu na Manda huwa mkali maji yanapotoka, na upande wa bahari kuu wa ufuo wa Shela mawimbi ya msimu wa upepo wa kusi huvuta mtu mzima, sembuse mtoto. Watoto waingie wawili wawili, kila mmoja akimjua mwenzake. Kila baada ya dakika kumi firimbi hulia, wanashikana mikono na kuinua, mnahesabu. Nchi kavu nashika mlezi mmoja kwa watoto sita. Majini, mmoja kwa watatu, na mmoja zaidi hukaa juu ufukweni akitazama tu bila kuingia na bila kushika simu.

Huduma ya kwanza ifundishwe na muuguzi au mtu wa Msalaba Mwekundu, na izingatie madhara yetu. Anayezama: usimfuate, mrushie kamba au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko. Akitolewa na hapumui, mwenye mafunzo aanze na pumzi za kumwokoa, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi mbili, bila kusita, mpaka msaada ufike. Aliyechomwa na mwiba wa samaki taa: kitie kiungo kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku mnaelekea hospitali. Aliyekatwa na chaza au matumbawe: osha kwa maji safi mengi na sabuni, kwa sababu vidonda hivyo huoza upesi. Aliyeungua jikoni: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ikae mbali. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ya polisi ni 999 au 112. Ziandikwe kwenye kisanduku cha dawa.

Hatua ya 8: Chagua huduma mbili, mzifanye vizuri

Kundi linaloshika kila kazi haliheshimiwi kwa yoyote. Mimi ningechagua mikoko na ufuo, na Maulidi mara moja kwa mwaka.

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti yetu, na tangu 1932 misitu hiyo ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo pata ruhusa ya Huduma ya Misitu na ushirikiane na chama cha wanajamii cha msitu wa hapo. Chagueni asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yametoka. Kwa mkoko wenyewe, okoteni zile mbegu ndefu zilizoiva, ambazo shingo yake imegeuka manjano na huachia zikitikiswa kidogo. Zenye matundu ya wadudu tupeni. Mbegu hukitwa wima kwenye tope, theluthi yake ndani, ncha iliyochongoka chini, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Kosa kubwa ni kupanda pale panapofikika kwa urahisi kwa ajili ya picha. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hupenda upande wa bahari, mkoko humfuata, mkandaa hukaa juu zaidi. Tazameni ni mti gani ulikuwepo pale kabla haujakatwa, mpande huohuo. Rudini baada ya miezi mitatu mhesabu iliyo hai, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye ripoti, si ile ya siku ya kupanda.

Ufuo usisafishwe tu, uhesabiwe. Kila kikosi kitenganishe chupa, nyavu, ndala na mifuko, kipime uzito. Watoto wapelekwe wakaone kazi ya Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki na ndala za kuokotwa, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Mtoto aliyeona ndala ikigeuka ubao wa chombo haitupi tena baharini. Glavu ni lazima, na sindano haziguswi na mtoto. Akiiona anasimama juu yake, anainua mkono, na mlezi anakuja.

Wakati wa Maulidi mji hujaa wageni. Skauti wanaweza kugawa maji, kuelekeza njia na kukaa na watoto waliopotea mpaka wazazi wapatikane. Ongeeni na kamati mwezi mmoja kabla, na msikae kazini kwa zaidi ya saa tatu kila zamu. Vikosi vinavyopenda wanyama vinaweza kutembelea kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, ambayo iko mjini tangu 1987, wajifunze kutambua kidonda cha mgongo na punda mwenye kiu.

Hatua ya 9: Kambi ya kwanza

Iwe usiku mmoja tu, mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Kaskazi inavuma, bahari ni afadhali kuliko Agosti ya kusi, na mvua za masika ziko mbali. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, ni mahali pazuri: mji wa Waswahili uliostawi karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa, wenye msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla na kaburi la mnara. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo ruhusa na malipo hupangwa kwao mapema. Hema lisisimamishwe karibu na makaburi wala kuta, na mtoto asipande juu ya magofu.

Kijito cha kuingilia Takwa kinapita katikati ya mikoko na hupitika maji yakijaa tu. Safari yote hupangwa kutokana na hilo. Kaa na nahodha wiki mbili kabla, mtafute siku ambayo maji yanajaa mchana wa kuingia na mchana wa kutoka, na vikosi vyenyewe vilete jibu lao kutoka kwenye daftari la maji mlinganishe na lake. Mwombe nahodha alale huko na chombo chake, na akuonyeshe mapema kinapoweza kufikika hata maji yakitoka. Mgonjwa wa usiku hasubiri maji.

Wajulisheni chifu na polisi kwa maandishi, mkitaja majina, tarehe na namba za simu. Hali ya usalama katika kaunti yetu hubadilika, na wakisema msiende, msiende.

Maji ya kunywa na kupikia beba lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwenye mitungi ya lita 20, kisha ongeza mtungi mmoja. Kilo moja ya mchele hulisha watu saba au wanane. Kila kikosi kijipikie kwa jiko la makaa, kwa sababu kuni za kuokota hapo ni mikoko na magugu, na moto wa wazi karibu na nyasi kavu ni hatari. Mlo wa kwanza utaungua, na waule. Turubai na fito hutosha badala ya mahema ya dukani, lakini vyandarua visikosekane. Kama hakuna choo, chimbeni shimo la kina cha magoti mbali na jiko na maji, moja la wavulana na jingine la wasichana, kila mtu afukie kwa mchanga. Usiku walezi wawili wakeshe kwa zamu. Asubuhi kikosi kizima kitembee mstari mmoja kuokota kila kilichoanguka, hata kifuniko cha chupa.

Hatua ya 10: Fedha na urithi wa kazi

Akaunti iwe na watia sahihi watatu, na pesa za M-Pesa zisiingie kwenye laini ya mtu binafsi. Kila miezi mitatu hesabu isomwe mbele ya wazazi, hata kama ni shilingi mia tano. Ada ya wiki iwe ndogo kiasi kwamba mtoto wa mvuvi anaweza kuilipa msimu wa kusi, na asiyeweza alipe kwa kazi bila mwenzake kujua.

Kijana akifika 14 mwelekeze pia kwenye Tuzo ya Rais, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu mpaka umri wa miaka 24. Mengi atakayokuwa anayafanya kwenu yatamhesabia huko. Akifika 18 na kuingia Jasiri, mpe kikosi cha Sungura akisaidie chini ya mlezi, naye apitie hatua zilezile za cheti na kanuni kama mtu mzima yeyote. Daftari la kundi, lenye majina, mahudhurio, fomu za wazazi na vipimo vya maji, likae kwa katibu, nakala yake kwa mlezi mwingine, ili siku katibu akihamia Mombasa kundi lisihame naye.